Friji Isiyo na Mlango

Wiki iliyopita niliingia supamaketi moja hapa Dar kununua maziwa na mkate. Mlangoni kuna bango la kijani: tutunze mazingira, njoo na mfuko wako. Mfuko ninao, nikajiona raia mwema. Kabla sijaifikia rafu ya maziwa, vidole vya miguu vikaanza kupata ganzi ndani ya kandambili. Friji ya ukutani, ndefu kama hatua kumi, iko wazi kabisa, baridi inamwagika sakafuni kama maji. Dada mmoja alikuwa anachagua mtindi huku amejitanda kanga mabegani. Nje jua la Februari linachoma.

Siyapingi mapambano dhidi ya mifuko ya rambo. Rwanda walianza mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, sisi Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na anayekumbuka mitaro ya zamani wakati wa masika anajua faida yake. Ninachokataa ni duka kubwa kuufanya mfuko uwe ndio habari yote ya mazingira. Mfuko ni gharama ya mteja. Zamani alipewa bure, siku hizi anaununua kaunta, na mingi kati ya hiyo tunayoiita mbadala nayo ni plastiki, ila imetengenezwa ionekane kama kitambaa. Uharibifu wa duka lenyewe uko kwenye friji, stoo na jalala la nyuma. Na hela ya mwenye duka inapotelea hukohuko.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kufanya kazi stoo ya duka la aina hiyo kwa miaka miwili. Sitalitaja.

Tuanze na umeme. Kwenye duka la vyakula, friji na friza peke yake huweza kula karibu nusu ya umeme wote. Hewa baridi ni nzito, inashuka. Friza ya kulala, ile yenye mfuniko juu, inaishika baridi yake kama beseni linavyoshika maji. Friji ya kusimama isiyo na mlango inaimwaga mchana kutwa. Hapa Pwani kuna balaa jingine: unyevu. Hewa yetu inaingia ndani ya friji, unyevu wake unagandia kwenye koili, yale mabomba ya kupozea, na kuwa barafu, mashine inalazimika kuiyeyusha, kisha inaanza kupoza upya. Kama mota yake iko humohumo dukani, joto lake linatemwa dukani, halafu kiyoyozi kinalipwa kulitoa nje. Yaani mwenye duka ananunua LUKU ya kupoza, LUKU ya joto, na LUKU ya kupambana na hilo joto.

Hebu tupige hesabu ya kitoto. Tuseme friji moja ya wazi inakula uniti 30 kwa siku. Kwa bei ya kawaida ya biashara niliyozoea, kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni zaidi ya 10,600 kwa siku, 320,000 kwa mwezi. Milango ya vioo ikiokoa theluthi tu, zinabaki zaidi ya laki moja mfukoni kila mwezi, kwa friji moja. Asiye na mtaji wa vioo aanze na pazia la plastiki la kushusha usiku duka likifungwa. Pale kwetu hata hilo halikuwepo. Tulizima taa, tukafunga geti, tukaondoka, na maziwa yakabaki yanapozwa pamoja na duka zima.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wengi hawaligusi: gesi. Friji ikiacha kupoza anaitwa fundi, fundi anasema gesi imeisha, anajaza, analipwa. Baada ya miezi mitatu anarudi. Wajameni, gesi ya friji haiishi kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, haichomwi. Ikipungua, imevuja. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Kuvuja kwa gesi ni nafuu kwa fundi.

Friji nyingi za maduka zimejazwa gesi ya R404A. Kilo moja ya gesi hiyo ikitoka hewani, kwa kupasha dunia joto ni sawa na kilo 3,922 za kaboni dayoksaidi. Mtungi mmoja wa kilo 10.9, ule anaobeba fundi begani, ukivuja wote unakuwa sawa na tani zaidi ya 42. Ni kama kuchoma lita 18,000 na ushee za petroli. Sijui ni mifuko mingapi ya rambo ingefikia hapo, na duka langu la zamani lilikuwa likijaziwa gesi kila mara kama vile linanunua maji ya kunywa. Mwambie fundi atafute tundu kwanza, hata kwa povu la sabuni, azibe, ndipo ajaze. Ukiwa unanunua friji mpya, zunguka nyuma usome kibandiko. Ukikuta R290 au R600a, hizo ni gesi za jamii ya ile ya kupikia, zinatumika gramu chache na madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno. Kwa kuwa zinashika moto, usimwite fundi wa kubahatisha. Nchi zilikubaliana Kigali, Oktoba 2016, kuzipunguza hatua kwa hatua gesi za kundi la R404A, kwa hiyo anayejaza stoo leo kwa friji za aina hiyo atakuja kuhangaika na gesi adimu na ghali.

Chakula ndicho kilichokuwa kinaniuma zaidi. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 12 ikitokea madukani. Asilimia 12 inaonekana ndogo mpaka uwe wewe unayesukuma toroli kwenda jalalani. Nimetupa matango, mikate, mtindi uliobakiza siku mbili. Meneja alikataa kabisa kushusha bei; alisema duka litaonekana la hadhi ya chini. Mkate ule tumeulipia, kisha tumelipia na gari la taka lije kuubeba.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama mwenye genge. Ikifika saa kumi na mbili jioni fungu la nyanya la buku linashuka, lile la masalo linaenda kwa mama lishe wa supu, na mchicha uliolegea anampa jirani mwenye kuku. Asubuhi meza yake tupu, anakwenda sokoni kununua kiasi alichouza jana. Huyu hajahudhuria semina ya mazingira. Sisi tulikuwa na kompyuta na bado tuliagiza matango kwa mazoea, mwagizaji akiogopa rafu isionekane na pengo. Ufaransa ilibidi watunge sheria mwaka 2016 kuyazuia maduka makubwa kuharibu chakula kinacholika na kuyataka yafanye makubaliano na mashirika ya misaada. Hapa sioni haja ya kusubiri Bunge. Meza moja karibu na kaunta, bei nusu kuanzia jioni, basi.

Kuhusu vifungashio nina neno fupi. Tumekua tukirudisha chupa za soda kwa kreti na kununua mafuta ya kupima, na Kenya maziwa yanapimwa kwenye mashine wanazoziita ATM, unakuja na chupa yako. Anayeuza karoti tatu kwenye sahani ya foamu iliyofungwa nailoni amelipia takataka.

Na sola? Nzuri, hasa kwa kuwa jua kali na kiu ya friji vinakuja saa zilezile. Ila iwe ya mwisho. Paneli juu, friji wazi chini, ni kuteka maji kwa pakacha.

Niliwahi kumwambia meneja wetu habari ya milango ya vioo. Akacheka. Mteja hapendi usumbufu, akasema, akikuta mlango anapita. Jioni ile nilipitia kwa Mangi mtaani kwangu. Foleni ya watoto mbele ya friji yake ya soda, wanafungua, wanachagua, wanabishana, na yeye kutoka kaunta anafoka: "Funga hiyo friji, umeme siyo wa baba yako!" Wanaifunga, wanalipa, na kesho yake wanarudi.