Baiskeli Isiyokata Kona

Ramadhani ya mwaka jana nilichora baiskeli. Ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba moja Barabara ya 13, hapa Ngamiani, Tanga, kiroba cha mkaa kimefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Mwenyewe alikuwa ndani anaswali alasiri. Nikatoa daftari na penseli ya 2B, nikachora haraka haraka kabla hajatoka. Alitoka mapema kuliko nilivyotarajia, akaipanda akaenda zake, nami nikaimalizia nusu iliyobaki kwa kukumbuka. Jioni nikaupiga mchoro picha, nikauweka stetasi na maneno mawili ya kujisifu, maana kivuli cha ukutani kilikuwa kimenitoka vizuri.

Asubuhi nikakuta "mashallah" nyingi, "hongera dada" nyingi, na makopakopa mekundu. Katikati yake kulikuwa na ujumbe mmoja wa sauti kutoka kwa kijana anayeishi na babu yake, fundi baiskeli. Alikuwa amemwonyesha mzee simu, kisha akabonyeza kurekodi. Mzee akasema: "Mwambie mwanangu huyo baiskeli yake haikati kona. Hiki chuma alichokitoa kwenye pedali akakipeleka mpaka tairi la mbele, kimelifunga tairi. Akiipanda hiyo atakwenda moja kwa moja mpaka baharini."

Nikaitazama tena. Kweli bwana.

Kama unanicheka, chukua karatasi sasa hivi uchore baiskeli bila kuitazama. Mnyororo unatoka wapi unakwenda wapi? Fremu ina vyuma vingapi, na vinakutana wapi? Mimi nimezaliwa Tanga, mji ambao mgeni akishuka stendi kitu cha kwanza anachokishangaa ni wingi wa baiskeli. Kuna za wanafunzi, za wauza samaki, za mabibi waliojifunga khanga wakienda msibani. Mji wetu ni tambarare, na barabara za Ngamiani zimenyooka kama zilizopigwa rula, zinahesabiwa kwa namba mpaka ya ishirini na moja. Nimeanza kuendesha baiskeli nikiwa darasa la tatu. Na bado nilichora kitu kisichoweza kupinda kwenda Barabara ya 14.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wachoraji wenzangu hawaupendi. Nasema mchoro uonyeshwe ukiwa bado mbichi. Uonyeshwe na mistari yake ya kupapasa, na mkono uliofutwa mara tatu. Ushauri tunaopeana siku zote ni kinyume: chagua kazi zako kumi bora, zisafishe, zipange, zilizobaki zifiche uvunguni, maana mteja akiona uchafu atakukimbia. Hata mimi niliufuata miaka minne, na sikatai kwamba mteja wa mbali anahitaji kuona kazi zilizokamilika. Lakini kwa mtu anayetaka mkono wake ukue, picha iliyokamilika ni kitu cha hatari, kwa sababu inamfunga mtazamaji mdomo. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa adabu. Nani atakwambia kazi uliyokwisha kuitia rangi na kioo ina kasoro? Ataitazama, atatikisa kichwa, atasema, "Aa, umejitahidi." Anayejua Kiswahili anajua "umejitahidi" maana yake nini.

Rasimu haina heshima hiyo. Mtu akiiona inapapasa, naye anapapasa pamoja nawe. Mzee wa baiskeli asingediriki kuniambia lolote kama angeuona mchoro uleule umening'inia ukutani.

Mfano wa pili ulinitia aibu zaidi. Nilikuwa nimekwenda Deep Sea, soko la samaki, alfajiri, nikachora jahazi linaingia. Nyumbani nikaona mlingoti umeinama kwenda mbele, nikadhani mkono wangu ulitetemeka, nikaunyoosha. Halafu nikaongeza bendera ya taifa nyuma kwa ajili ya rangi, ikapepea vizuri kuelekea upande ambao karatasi ilikuwa na nafasi. Nikauonyesha. Mvuvi mmoja ninayemnunulia vibua akaniandikia: "Dada, bendera yako ina upepo wake na tanga lina upepo wake?" Na chini yake: "Huo mlingoti ni wa simu?"

Kuhusu bendera nilistahili. Mlingoti ndio uliniuma, kwa sababu jicho langu lilikuwa limeona sawasawa na kichwa changu kikalisahihisha. Mlingoti wa jahazi huinamia mbele ndivyo ulivyo. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, inapandishwa juu yake ikiwa mshazari, na tanga la pembetatu linaning'inia kwenye hiyo foromali. Ukiunyoosha mlingoti, picha nzima inasimama wima kama mtu aliyeitwa na polisi. Niliyajua hayo baada ya yule mvuvi kunichorea mchangani kwa kijiti, mchoro mbaya sana ambao haukuwa na kosa hata moja. (Ndiyo, ninakaa kwenye mji unaoitwa Tanga na sikujua tanga linafungwaje. Semeni mseme yaishe.)

Sasa tuje kwenye ugali. Mimi ni mchoraji wa kujitegemea. Nachora picha za vitabu vya watoto wa shule, mabango ya afya, kadi za harusi, na mara mojamoja nembo ya duka la mtu. Picha moja ya ukurasa mzima inanichukua siku mbili: rasimu, mteja aione, wino, rangi, kuiskani, kurudishiwa. Malipo yanakuja yakiwa yamekatwa kodi ya zuio asilimia 5, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye siku ya kuyapata. Na uko kwenye ile sentensi ambayo kila mchoraji wa nchi hii anaijua kwa moyo: "Si kachoro tu, dakika tano."

Hapo ndipo wenzangu wananinyooshea kidole, na wana hoja. Ukionyesha rasimu za dakika ishirini, unawapa wateja fimbo ya kukuchapia. Ilinitokea. Mteja mmoja, sitamtaja, alinipigia akasema, "Nimeona ile ya kwenye stetasi, ile ya haraka haraka. Nifanyie ya hivyo hivyo, na bei iwe ya hivyo hivyo." Nilicheka mpaka akakasirika. Nikamwambia sawa, lakini ile ya haraka ilitoka baada ya nyingine sita zilizokataa, je nizitie kwenye invoisi? Kazi ile sikuipata. Siku hizi naandika kwenye makubaliano: rasimu mbili, marekebisho mawili, nusu ya pesa kabla sijagusa wino. Wapo wanaokimbia. Wanaobaki hawanisumbui.

Kuna na suala la kuibiwa, nalo nitalisimulia kwa raha kidogo. Miezi kadhaa baada ya ile baiskeli, napita sokoni nikaona fulana zimetundikwa, kifuani zina baiskeli imeegemea ukuta. Kiroba cha mkaa. Mpira wa tyubu. Nikamwuliza muuzaji, kijana mdogo tu, picha hii ameitoa wapi. "Ya intaneti hiyo, dada, haina mwenyewe." Nikamwambia aitazame vizuri: tairi la mbele limefungwa na chuma. Duniani kote hakuna aliyechora upuuzi huo isipokuwa mimi. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha. Kosa langu ndilo lililonitolea ushahidi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda mchoro tangu unapotoka mkononi, bila hata kuusajili, na ulinzi huo unaendelea miaka 50 baada ya mchoraji kufa. Nilimweleza hayo. Akanisikiliza kwa heshima kama mtu anayesomewa hitima. Mwisho tukaelewana: fulana zilizobaki auze, kila moja anitolee kitu, na zinazofuata nimchoree mimi mwenyewe. Nilimchorea. Safari hii zilikata kona, lakini aliniambia zile za mwanzo zilitoka haraka zaidi. Sijui nilichukulieje hilo.

Wakati ule nilikuwa napenda sana kumsoma Edward Saidi Tingatinga. Kabla ya kuhamia Dar es Salaam alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku kwetu Tanga, na alipoanza kuchora mwaka 1968 hakutafuta vifaa vya ughaibuni. Alichukua rangi ya kupakia baiskeli na vipande vya hadibodi. Mimi nalalamika kwamba hewa ya chumvi inanikunjia karatasi, kwamba masika yakiingia rimu nzima inanuka ukungu (rimu ya karatasi, si ya baiskeli), kwamba karatasi ya gramu 300 ya rangi za maji lazima niagize Dar. Halafu namkumbuka yeye, naona haya, naendelea kulalamika.

Lakini kuna jambo moja ambalo msimamo wangu umenigharimu, na hapo siwezi kufanya utani.

Jirani yetu mmoja ni mwalimu wa madrasa. Aliniita siku moja barazani, akaniuliza kwa upole kama najua kwamba mwenye kuchora kiumbe ataambiwa akitie roho siku ya Kiyama. Nilimwambia najua, shikamoo yangu ipo palepale, na kwamba wanazuoni wametofautiana, nami nina vitabu vya watoto wa kuwachorea. Hakubishana. Alisema tu, "Basi mwanangu, nyuso za watu usizichezee." Nilidhani anazungumzia dini peke yake.

Baadaye nikamchora mama muuza vitumbua, amechuchumaa mbele ya jiko, mkono mmoja umeshika upawa. Alijua namchora, alinicheka, akanipa kitumbua. Sikumwuliza kama naweza kuuonyesha. Nikauonyesha. Siku ya tatu akaniita pembeni, hana hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwanangu, wifi yangu ameniona kule kwenye simu. Kwao hawakujua kama nauza vitumbua." Niliufuta mchoro mbele yake. Aliyeuona alikuwa amekwisha uona.

Kwa hiyo naposema rasimu ionyeshwe, nasema hivyo kwa kazi yangu mimi, na makosa yangu mimi. Sura ya mtu ina ruhusa yake, na ruhusa ya kuchorwa si ruhusa ya kuonyeshwa. Siku hizi nauliza mara mbili. Wengi wanakataa, wengine wanasema nichore kwa nyuma. Matokeo yake daftari langu limejaa migongo: mgongo wa muuza kahawa anayegonganisha vikombe, migongo ya wazee wanaocheza bao, migongo ya wanafunzi watatu juu ya baiskeli moja. Limejaa mikono, kandambili zilizovuliwa mlangoni mwa msikiti, milango. Nilianza nikiona nimenyimwa kitu. Sasa mhariri wangu wa Dar ananiambia watu wangu wa vitabuni wamekuwa na migongo inayosema, na mimi najua nilikojifunzia.

Mhariri huyohuyo, mwezi uliopita, alinirudishia picha ya mtoto anaendesha baiskeli. Maelezo yake: "Nzuri, ila ina vyuma vingi, irahisishe." Tukavutana wiki nzima. Nilimwambia nikiondoa chuma kimoja mtoto ataanguka. Picha imepita na vyuma vyake vyote, na mzee wa baiskeli nimempelekea nakala. Aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akauliza stendi iko wapi.

Wiki hii nachora mashua ya mizigo iliyokuwa ikijiandaa kwenda Pemba. Nimechora mabaharia wanne, wote kwa nyuma, na magunia, na kuku wawili ndani ya tenga. Mlingoti umeinama, nimeuacha umeinama. Tatizo ni kamba moja inayotoka kwenye ncha ya chini ya foromali. Niliiona inashuka kuelekea omoni, yaani mbele ya chombo, halafu baharia akasimama mbele yake na mashua ikaondoka. Nimeiacha inaning'inia hewani kwenye karatasi. Mwenye kujua inafungwa wapi aniambie kabla sijatia wino Jumamosi.