Nyonga ya mtoto haingoji eksirei

Hapa Tabora neno ultrasaundi limeshikana na ujauzito kiasi kwamba mama akiambiwa ampeleke mwanawe wa miaka minne kwenye chumba kile, swali lake la kwanza huwa, "Kwani ana nini tumboni?" Tumboni hana kitu. Anachechemea tangu juzi, mwili unachemka, na ukimgusa paja analia. Hata watumishi wa afya wapo wanaofikiri hivyo hivyo: mashine ile ni ya wajawazito, mfupa upigwe eksirei, na daktari mzuri huutambua ugonjwa wa kiungo kwa mikono yake. Hoja hiyo si ya kubeza, na nitaifikia. Lakini imekaa vichwani mwetu muda mrefu bila kuulizwa inamgharimu nini mtoto.

Mtoto mwenye usaha ndani ya mfupa anaweza kupigwa eksirei siku ya tatu ya homa na picha ikatoka safi kabisa. Aliyeisoma hajakosea. Eksirei haionyeshi uharibifu mpaka mfupa umepoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake, na hilo huchukua siku 10 hadi 14. Zihesabu siku hizo kwa mtoto wa Sikonge au Urambo. Mbili za mwanzo amekandwa kwa maji ya moto. Ya tatu kapewa dawa ya malaria. Ya tano kafikishwa penye eksirei, picha ni nzuri, wanarudi nyumbani na dawa ya maumivu, na mama anashukuru Mungu kwamba mfupa ni mzima. Ikiwa ugonjwa uko kwenye nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kimo ndani ya mfuko wa kiungo. Usaha ukijaa humo hubana mishipa midogo inayokipelekea damu, na gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, huanza kuliwa ndani ya siku chache tu. Siku eksirei inapoanza kusema, inasema habari za nyonga iliyokwisha haribika. Mtoto huyo atachechemea maisha yake yote, na kwenye faili lake kuna picha iliyoandikwa "kawaida".

Ultrasaundi inatafuta kitu kingine: majimaji. Hayo hayasubiri wiki mbili. Mtoto analazwa chali, mkono wa mama ukiwa kifuani pake, probu, kile kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi, inawekwa mbele ya nyonga, na mpimaji anapima nafasi iliyopo kati ya shingo ya mfupa na mfuko wa kiungo. Kisha anahamia upande wa pili. Pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, kuna jambo. Kwangu hapa ndipo penye uzuri wa kipimo hiki: shahidi ni mguu mzima wa mtoto yuleyule. Hakuna mionzi, wala dawa ya usingizi ambayo MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, mara nyingi huihitaji ili mtoto mdogo atulie.

Wako pia watoto wa selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Takriban 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Mtoto wa aina hii akilia mguu, jibu liko tayari: ni kawaida yake, mifupa imemshika. Mara nyingi ni kweli. Mara nyingine ni bakteria, Salmonella au Stafilokokasi, walioingia mfupani, na kwa macho huwezi kutenganisha. Homa ni ileile, uvimbe ni uleule. Ultrasaundi peke yake haimalizi ubishi huu, maana hata shambulio la kawaida la selimundu linaweza kuacha majimaji kandokando ya mfupa. Ila yakiwa mengi, daktari amepata pa kuchomea sindano, na kitakachotoka ndicho kitakachojibu.

Sasa wanaopinga. Ncha za mifupa ya mtoto mdogo bado ni gegedu, na gegedu kwenye skrini ni jeusi, karibu sawa na maji. Mpimaji ambaye kazi yake ya kila siku ni kuangalia mimba anaweza kuona ugonjwa pasipo na ugonjwa. Hata damu inayopita kihalali kwenye mfupa unaokua inaweza kumdanganya. Tena probu iliyopinda ya tumbo, ingawa nyonga inaifikia, haifai kwa kiganja wala vidole. Huko inatakiwa ile bapa. Na mashine haijui kutofautisha usaha na majimaji ya ule uvimbe wa nyonga unaowapata watoto, hasa wa miaka 3 hadi 10, mara nyingi baada ya mafua, ambao hupona wenyewe. Yote haya ni kweli, na yote yananiambia wapimaji wafundishwe viungo vya watoto.

Pingamizi linalonielemea zaidi ni la ucheleweshaji. Goti liko chini ya ngozi tu. Likivimba, likawa la moto, na mtoto ana homa, linataka sindano ya kuvuta majimaji. Kumweka mtoto huyo nyuma ya foleni ya wajawazito ili apate picha ya kitu kinachoonekana kwa macho ni kumwibia saa zake. Hapo niko pamoja na wenye mikono.

Nyonga haiko hivyo. Imezama ndani, uvimbe wake hauonekani wala haushikiki. Ikionekana kavu kwenye ultrasaundi, uwezekano wa usaha kiungoni unashuka sana na mtoto anaepushwa chumba cha upasuaji. Kama maumivu yameanza leo, arudiwe kesho, kwa kuwa saa za mwanzo majimaji huweza kuwa hayajajaa. Yakionekana, mpimaji huyohuyo anaielekeza sindano.

Na usiku, mpimaji akiwa hayupo? Mtoto hakanyagi mguu, homa imepita nyuzi 38.5, chembe nyeupe za damu zimezidi 12,000 kwa mikrolita. Daktari aliye zamu asingoje asubuhi ili apate picha. Afungue chumba cha upasuaji usiku huohuo.