Mnyama Naye Ana Haki ya Kujificha

Idd au Pasaka ikifika, bustani ndogo za wanyama zinazoendeshwa na familia hufurika watu. Wazazi wanakuja na watoto, shule zinaleta mabasi, vijana wanakuja kupiga picha. Ukisimama karibu na geti wakati watu wanatoka, malalamiko ni yaleyale: "Simba mwenyewe kalala tu." "Chui hata mkia hatujauona." "Yule mamba ni wa plastiki au?" Wapo wanaodai warudishiwe kiingilio. Mimi naona malalamiko haya yanawaumiza wanyama kuliko tunavyodhani, na sisi wageni ndio wa kuyaacha kwanza.

Simba wa porini, awe wa Serengeti au wa Ruaha, hulala na kujipumzisha kivulini hadi saa 20 kwa siku. Chui huwinda zaidi usiku. Mchana yuko juu ya mti au ndani ya kichaka, na madereva wa watalii wenye uzoefu wa miaka mingi bado wanahangaika kumtafuta. Mamba hutulia tuli juani ili mwili upate joto, na akiachama kinywa anajipoza, wala haombi chakula. Kwa hiyo ukimkuta simba kalala saa saba mchana, umemuona simba kama alivyo. Hujaibiwa kitu.

Shida inaanza pale mwenye bustani anaposikia manung'uniko hayo, kwa sababu familia yake inaishi kwa kiingilio. Baba ndiye meneja, mama yuko kwenye tiketi, kijana mkubwa anasafisha mabanda, na nyama ya leo imenunuliwa kwa hela ya jana. Simba mmoja mzima anataka wastani wa kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku. Mwaka 2020, korona ilipokata watalii na safari za shule, wanyama hawakuacha kula. Mtu anayeishi hivyo akisikia kundi zima linalalamika kwamba halijamuona chui, kesho yake anakwenda kufyeka kichaka. Anaondoa gogo ambalo mnyama alikuwa anajificha nyuma yake. Anafunga mlango wa chumba cha kulala kuanzia asubuhi hadi jioni ili mnyama abaki mbele ya macho ya watu. Kuna mahali nimemuona mhudumu akimchokonoa fisi kwa fito ili asimame, na wageni wakapiga makofi. Nilimkasirikia mhudumu, lakini makofi yale ndiyo yaliyoniuma zaidi.

Katika bustani nyingine nilisimama muda mrefu mbele ya banda la mondo. Huyu ni paka wa porini mwenye miguu mirefu na masikio makubwa, anayeweza kumsikia panya chini ya nyasi na kuruka juu karibu mita 3 kumdaka ndege. Banda lake lilikuwa sakafu ya saruji na wavu pande zote nne, hakuna hata jani. Alikuwa anatembea kandokando ya wavu. Akifika kwenye kona anainua kichwa, anageuka, anarudi, kona ya pili anainua kichwa vilevile, anageuka tena. Saruji pale anapopita ilikuwa imesuguliwa hadi ikang'aa. Dada mmoja pembeni yangu akamwambia mwanawe, "Unaona paka anavyotuchangamkia?" Nikamwambia kwa upole, "Dada yangu, huyu hana raha. Hana pa kwenda." Akanyamaza, kisha akamvuta mtoto wakaondoka, na sikumlaumu. Nani alimwambia kabla ya siku ile?

Kutembea kwa namna hiyo kumechunguzwa. Mwaka 2003 watafiti Ros Clubb na Georgia Mason walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba wanyama wala nyama ambao porini huzunguka maeneo mapana ndio wanaosumbuliwa zaidi na tabia hii ya kwenda na kurudi wakiwa kizimbani, na vifo vya watoto wao pia huwa vingi. Ndiyo maana siungi mkono familia ndogo kufuga simba au duma kwenye ua wa nyuma ya nyumba, hata ikiwa na moyo mzuri kiasi gani. Ila mondo yule angesaidiwa kwa vitu vya bei ndogo kabisa: nyasi ndefu, boksi la mbao lililopandishwa juu, makuti ya kuziba pande mbili za wavu ili asizungukwe na watu. Wageni wangemuona mara chache zaidi, basi.

Na hapa ndipo familia inapoweza kuzishinda bustani kubwa, maana inawajua wanyama wake mmojammoja. Nilimuona mzee mmoja anayeendesha bustani yake pamoja na wanawe akiwapokea watoto wa shule ya msingi kwenye banda la nungunungu. Banda lilionekana tupu. Mzee alikuwa amefukia vipande vya viazi vitamu na karanga chini ya magogo, tena kila siku anabadilisha mahali. Akawaambia, "Wajukuu zangu, kaeni chini, nyamazeni. Atatoka akitaka mwenyewe." Watoto wakakaa. Muda ukapita, mwalimu akaanza kutazama saa. Mara ikasikika ile sauti ya miiba ya mkia inayogongana, kavu, kisha pua ikachomoza, na nungunungu akaanza kufukua gogo la kwanza. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee akaeleza kwa sauti ya chini kwamba nungunungu harushi miiba kama watu wanavyosema. Hukurupuka kinyumenyume hadi imchome adui. Nina hakika watoto wale wanalikumbuka hilo hadi leo.

Maelezo ndiyo yanayomfanya mgeni aone kiingilio chake kimefanya kazi. Angalieni sehemu za nyoka, ambako mnyama amejikunja kwenye kona na hatikisiki kabisa. Ukitoka Arusha kuelekea Makuyuni, kama kilomita 25 hivi, kuna Meserani Snake Park, iliyoanzishwa na familia katika miaka ya 1990, na ina kliniki inayotibu watu walioumwa na nyoka. Watamu, pwani ya Kenya, kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, ambako nyoka hukamuliwa sumu inayotumika katika kutengeneza dawa. Shirika la Afya Duniani liliyaweka madhara ya sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na kwetu vijijini kila mtu anajua kwa nini. Mtu akitoka sehemu kama hizo akijua kumtofautisha koboko na nyoka asiye na sumu, na akijua kwamba aliyeumwa hachanjwi chale wala hafyonzwi jeraha bali anatulizwa na kukimbizwa hospitali, amepata kitu ambacho huwezi kukipiga picha.

Picha zenyewe zinanisumbua sana. Chatu anayewekwa shingoni mwa wageni mmoja baada ya mwingine hakumbatii mtu, anajishikilia asidondoke. Mtoto wa simba anayepakatwa ameondolewa kwa mama yake akiwa mdogo ili azoee mikono ya watu, na baada ya miezi michache tu anakuwa mkubwa mno kupakatwa. Halafu anakwenda wapi? Muulizeni mwenye mali swali hilo kabla hamjatoa simu. Marekani, Desemba 2022, ilipitisha sheria inayokataza umma kuwagusa paka wakubwa, na watoto wao wamo. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Mgeni akikataa picha ya aina hiyo, anaisaidia sheria hiyo kuliko mabango.

Kuna swali jingine ambalo wageni hawaliulizi kabisa: mzee akifariki, nani atawalisha? Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 50. Kobe wa Aldabra hupita 100. Kobe wanne wa aina hiyo waliletwa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Wakazaana hadi kufika kama 200 miaka ya 1950, kisha wizi ukawamaliza hadi mwaka 1996 wakabaki 7 tu, ndipo juhudi za kuwarudisha zikaanza. Kobe wanaishi kuliko mipango yetu. Familia yenye kobe mchanga leo inawaachia wajukuu ambao hawajazaliwa jukumu zito, na kama watoto wa nyumba ile wote wameshahamia mjini na hawana habari na mabanda, bora wasiongeze mnyama hata mmoja.

Ombi langu kwa wenye bustani ni moja. Andikeni pale kwenye tiketi, kwa herufi kubwa: "Baadhi ya wanyama watakuwa wamejificha au wamelala. Hatuwaamshi." Watakaokasirika wataondoka, na kwa muda mtapoteza hela, najua. Ndiyo maana ombi la pili ni kwa walimu na wazazi: waambieni watoto kabla basi halijaondoka kwamba huenda wasimuone chui, wafundisheni kukaa kimya na kusubiri, kisha lipeni kiingilio chote bila kunung'unika. Na mkikuta kichaka kimefyekwa na mnyama hana pa kujificha, mtafuteni mwenye bustani mumwambie palepale kwamba kichaka kile mlikuwa mnakihitaji.