Sarafu nne ambazo video haikuzionyesha

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Jumapili moja alinijia na simu mkononi kabla sijamaliza chai. "Shikamoo mjomba. Hivi ulijua Waswahili walifika Australia kabla ya Wazungu?" Akaniwekea video ya dakika nne na ushee: ngoma zinarindima, ramani ina mshale mwekundu unaotoka Kilwa na kuikata Bahari ya Hindi, na sauti nzito ya kiume inasema hiki ndicho walichotuficha. Nani alituficha, haikusema.

Kiini cha habari hiyo ni cha kweli. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanajeshi wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa lindoni Marchinbar, mojawapo ya visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Aliokota sarafu kuukuu mchangani, akazitunza. Zilipokuja kuchunguzwa miongo kadhaa baadaye, tano zilitambuliwa kuwa za shaba, za Kilwa, za enzi za masultani wa Kilwa Kisiwani, mji uleule ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na kuusifia uzuri wake. Kutoka Kilwa hadi pale ni kilomita kama 10,000. Nywele lazima zikusimame.

Ila Isenberg hakuokota sarafu tano. Aliokota tisa. Nne zilizobaki ni za ile kampuni ya Waholanzi iliyokuwa ikifanya biashara ya viungo Indonesia, za karne ya 17 na ya 18. Video haikuzigusa kabisa, na hizo ndizo zinazogeuza hadithi. Kama zote tisa zilidondoka kwa mkupuo mmoja, basi aliyezidondosha alipita pale karibu karne mbili, au zaidi, baada ya Wareno kuipora Kilwa mwaka 1505. Anaweza kuwa baharia wa Kiholanzi aliyevunjikiwa chombo. Wanaweza kuwa wavuvi wa Makassar, ambao katika karne ya 18 walikuwa wakienda pwani ile kuvua majongoo bahari ya kuwauzia Wachina. Sarafu huzunguka mifukoni mwa watu wasiojua hata ilikotoka. Na bado inawezekana mtu wa Kilwa alifika kweli. Sarafu hizo peke yake hazithibitishi wala hazikanushi. Kwa hiyo mshale mwekundu ni wa mchoraji.

Nilipomweleza haya kijana alinywea kidogo, na mimi nikajikuta nimekwama. Ni rahisi kusema mambo ya mtandaoni ni uzushi, yaache, kasome kitabu. Lakini Kilwa alikuwa ameshaisoma kwa ajili ya mtihani: dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu, kuja kwa Wareno, weka alama ya vema, fungua ukurasa unaofuata. Hakuwahi kunijia Jumapili asubuhi kuniuliza lolote. Ile video, pamoja na ulaghai wake, ndiyo iliyomwasha. Na nikiwa mkweli, hata mimi sarafu hizo nilizisikia kwanza kwenye video, miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na muda wa kutosha kufuatilia mpaka nikazikuta zile nne.

Sasa, elimu ya bure mtandaoni haikuanza na ngoma na mishale. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka hadharani masomo yake yote, bure. Chuo kikuu cha Yale, cha hukohuko Marekani, kikafuata mwaka 2007 na jambo rahisi kabisa: kamera darasani. Muhula mzima unaupata, kila mhadhara kwa urefu wake, profesa anakohoa, anafuta ubao, anarudia alichosahau. Mfululizo ninaoupenda mimi ni wa nadharia za jamii, kuanzia mwanafalsafa Hobbes hadi mwanasosholojia Durkheim, unaofundishwa na Iván Szelényi, Mhungaria aliyelazimika kuihama nchi yake miaka ya 1970 kwa sababu ya maandishi yake. Kumsikiliza mtu aliyefukuzwa na serikali iliyojiita ya Marx akimfundisha Marx kwa utulivu, bila kinyongo, ni somo ambalo ada yake zamani ingekuwa bei ya nyumba.

Na bure hiyo ina mlinzi getini. Kwanza bando. Saa moja ya picha ya kiwango cha chini tu hula kama MB 300, na mfululizo mmoja una mihadhara zaidi ya ishirini. Hili lina dawa: masomo ya Yale yana sauti peke yake na maandishi ya kila neno lililosemwa, na sauti ya saa nzima haizidi sana MB 50. Mimi mingi nimeisoma kuliko kuitazama, kwenye daladala.

Mlinzi wa pili hahongeki: Kiingereza. Hata vipindi vya Zeinab Badawi, mwanahabari mzaliwa wa Sudan aliyezunguka bara zima kusimulia historia ya Afrika akitegemea majuzuu manane ya historia hiyo yaliyotolewa na UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, viko YouTube bila malipo, vizuri kabisa, kwa Kiingereza. Majuzuu yenyewe, kazi iliyoanza mwaka 1964 ili Waafrika waandike habari zao wenyewe, unaweza kuyapakua sasa hivi, kama unayaweza. Fundi seremala wa Lindi aliyeishia darasa la saba na anayependa historia kuliko maprofesa wawili hana pa kuingilia. Anayemsemesha kwa lugha yake ni yule wa ngoma. Wanaosifia elimu huria sijawasikia wakilizungumza hili kwa undani. Bure kwa nani?

Kwa nini basi wajuzi wetu hawajai humo? Sababu ni nyingi na uvivu ni mojawapo, tusifichane. Lakini kwa Tanzania kumbuka pia kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizowataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni kukata leseni. Ukijumlisha ada ya maombi, ya kuanzia na ya mwaka, ilipita shilingi milioni mbili. Zimerekebishwa tangu hapo. Ila mwalimu mstaafu aliyetaka kukaa mbele ya simu yake asimulie habari za Mkwawa, akasikia milioni mbili, alirudi shambani.

Upande wa pili kuna hoja ninayoiheshimu: kwamba hata video za wasomi zina upande, kwa hiyo tofauti iko wapi? Ni kweli zina upande. Mwaka 1986 Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alitoa mfululizo wa televisheni wa sehemu tisa kuhusu Afrika. Taasisi ya serikali ya Marekani iliyokuwa imechangia dola 600,000 ilikasirika, ikasema ni chuki dhidi ya nchi za Magharibi, ikataka jina lake lifutwe kwenye orodha ya wafadhili. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Lakini tazama ulivyowezekana: Mazrui alikuwa na sura, jina, chuo, na alijibu. Unayebishana naye unamjua. Sauti nzito ya kwenye video ya mpwa wangu, ambayo siku hizi huenda si ya mtu bali ya kompyuta, utabishana nayo wapi?

Kwangu mimi, basi, si suala la profesa dhidi ya mtu wa mtaani. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kusini kuwahoji wazee kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Waliandika nani kasema, wapi, na yeye alipata kwa nani. Wazee wale hawakuwa na digrii, na leo huwezi kuandika habari za vita vile ukawaruka.

Baada ya Rais Steinmeier wa Ujerumani kwenda Songea mwezi Novemba 2023 na kuomba radhi kwa yaliyotendwa, video za Maji Maji zilimwagika kama mvua ya masika. Nilitazama nyingi. Nyingi ni ngoma na mishale tu. Moja ilikuwa ya mzee aliyekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, upepo unapiga kwenye maiki, kuku wanapita mbele ya kamera, hakuna aliyehariri chochote. Dakika arobaini. Kila alipofika penye uzito alisimama: "Hili niliambiwa na babu, yeye alikuwepo." Mbele kidogo: "Hili nalisikia tu, siwezi kuliapia." Watazamaji wake hawakufika hata mia tatu. Mzee yule na Szelényi wako chumba kimoja. Sauti nzito iko nje, hata ikipata watazamaji milioni.

Nilimwonyesha mpwa wangu. Alidumu dakika sita, akasema mjomba huyu anaongea taratibu mno. Sikumlazimisha. Ila jioni nilimkuta amerudi kwenye ile video ya Kilwa, ameandika chini yake: "Na zile sarafu nne za Waholanzi?" Mwenye chaneli alimjibu kwa moyo mwekundu. Wiki iliyofuata video mpya ikatoka, sarafu tano zilezile, ngoma imebadilishwa.