Kuachiwa huru si kurudishiwa watoto

Nimesoma makala kuhusu talaka na kesi za kupigana kwa wenzi. Mwandishi wake ameeleza vizuri jinsi sheria za talaka Marekani zinavyotofautiana jimbo kwa jimbo. Ila aliposema kwamba mzazi akishinda kesi ya jinai ya kumpiga mwenzake basi suala la watoto limekwisha, hapana. Hizo ni kesi mbili. Kwenye jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe bila kuacha shaka ya maana. Mahakama ya familia kwa kawaida hupima ushahidi upi una uzito zaidi, na hutanguliza maslahi ya mtoto. Mtu anaweza kuachiwa huru leo, kesho akanyimwa malezi kwa ushahidi uleule.

Linaloniuma zaidi ni hili: wengi hudhani aliyepigwa akisamehe, kesi imefutwa. Mwenye uamuzi ni mwendesha mashtaka. Na amri ya ulinzi, yaani amri ya mahakama inayokukataza kumkaribia aliyekulalamikia, hata ikitolewa kwenye shauri la madai (lisilo la jinai), kuivunja ni jinai, hata kama aliyeiomba ndiye aliyekupigia simu uje nyumbani. Tangu sheria ya shirikisho (ya nchi nzima) ya 1994, amri ya Texas huheshimiwa hadi California.

Jamani, tafuteni wakili mapema. Yule wa kupewa na serikali ni wa jinai. Kwenye talaka kwa kawaida unajitegemea.