Maji Moto kwa Jua: Nani Alazimishwe?

Kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu kuchemsha maji kwa jua hazikuacha nafasi ya kusitasita. Jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lilitakiwa lifunge mtambo wa sola utakaotosheleza angalau asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka. Majengo yaliyokwisha kujengwa yalipewa miaka 5. Mwaka 2017 ukafika na nyumba nyingi bado zinaogea shawa za stima. Je, kulazimisha kulikuwa kosa?

Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi 55 hula takriban uniti 4.3 za umeme, na jua lingeweza kuokoa sehemu kubwa ya hizo. Wapinzani wa kanuni hujibu kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya tayari hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo, kwa hiyo mazingira hayanufaiki sana. Ni kweli, ila hoja hiyo inasahau saa. Shawa moja hufyonza kilowati 4 au 5. Nyumba 20 za jengo moja la ghorofa zikiwasha shawa pamoja jioni, hiyo ni kilowati 80 na zaidi, wakati ule ule ambapo mitambo ya kuzalisha umeme kwa mafuta huitwa kusaidia. Tangi lililopashwa mchana na kuvikwa vizuri ili joto lisitoke hupunguza mzigo huo hasa.

Kwa upande wa pili, hiyo asilimia 60 ni wastani wa mwaka, na wastani huficha Julai. Nairobi mwezi huo huwa na mawingu na baridi, maji moto yanatakiwa kuliko wakati wowote, na jua halitoshi. Basi kila tangi hufungwa elementi ya umeme, yaani koili ya kupashia maji. Hapo ndipo akiba hupotea: elementi ikiachwa imewashwa usiku kucha, alfajiri tangi limejaa maji ya moto na jua halina kazi. Taima, yaani saa ya kuwasha na kuzima, inayoiruhusu kuwaka jioni tu, kwa siku ambazo jua halikutosha, huondoa tatizo hilo.

Kikwazo kigumu zaidi kiko ndani ya kuta. Ploti nyingi, yaani majengo ya kupangisha, zimepitishiwa bomba moja la maji baridi hadi bafuni. Kuongeza la maji moto ni kuvunja vigae na ukuta katika kila nyumba. Hata likiwekwa, bomba la mita 20 lenye uwazi wa milimita 20 hubeba lita 6 hivi za maji yaliyopoa, na mpangaji huyamwaga kabla ya kuoga, katika mji wenye mgao wa maji. Gharama zote hizo ni za mwenye nyumba, ilhali tokeni za umeme hununuliwa na mpangaji. Sioni haja ya kushangaa kwamba wengi walikaa kimya.

Kwa maoni yetu, sharti lilikuwa sahihi kwa majengo mapya na halikufaa kwa ghorofa za zamani. Wakati wa ujenzi, bomba la pili na sponji ya kulivika ni gharama ndogo. Makosa makubwa hutokea paani, na mkaguzi anaweza kuyaona: tangi lililowekwa chini ya paneli ilhali hakuna pampu, hivyo maji ya moto hayashuki yenyewe kuingia tangini, paneli iliyolazwa kabisa, inayokusanya vumbi, mirija ya kioo iliyokaa kavu juani kisha ikajazwa maji baridi mchana na kupasuka. Mirija hujazwa alfajiri.

Panapotumika maji ya chumvi ya visima, kama Kitengela na Athi River, mfumo wa mzunguko uliofungwa, ambao maji ya paneli hayachanganyiki na ya kuoga, unafaa zaidi, kwa kuwa chumvi haigandi ndani ya paneli. Fimbo ya magnesi ndani ya tangi, inayoliwa na kutu badala ya tangi, ikaguliwe kila mwaka na kubadilishwa ikishalika, la sivyo kutu huhamia kwenye tangi lenyewe.