Tunalisingizia joto: hesabu ya ukumbi wa theluji Mwanza

Kijana mmoja muuza vipuri vya pikipiki, ambaye hupita Dubai mara mbili kwa mwaka kufuata mzigo, alitamka kijiweni kwetu karibu na Mlango Mmoja kwamba angependa siku moja kujenga ukumbi wa theluji hapa Mwanza, yaani jengo lililofungwa na kupozwa, lenye theluji ya kuserereka ndani. Alikuwa ameingia ule wa Dubai, akaserereka, akaanguka, akatoka amelowa magotini huku anacheka. Kijiwe kizima kilimgeukia. Mmoja alimuuliza kama amewahi kupanda daladala ya Buhongwa saa nane mchana mwezi wa kumi. Mwingine akasema watu wanahangaikia hela ya dagaa, yeye anataka kuwauzia baridi. Kahawa ikaendelea kunywewa, mada ikafa.

Naona waliiua mapema, tena kwa hoja isiyo yenyewe. Zipo sababu nzito za kuukataa mradi huo na nitazifikia. Joto la Mwanza halimo.

Nimefanya kazi miaka sita katika chumba cha baridi cha kiwanda cha minofu ya sangara. Nje jua linachoma bati, sisi ndani tumevaa makoti mazito na mabuti kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, tunapanga maboksi. Mitumbwi ya kukusanya samaki huondoka mjini kwenda visiwa vya Ukerewe na Ukara masanduku yake yakiwa yamejaa barafu, hukaa huko siku kadhaa, hurudi na samaki hajaharibika. Maelfu ya familia za mwambao huu zimekula na kusomesha kwa kazi ya kuilinda baridi isitoroke. Na ukumbi wa theluji hauhitaji hata ukali wa chumba chetu cha minofu. Ule wa Dubai, uliofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka, mchana hukaa nyuzi 1 au 2 tu chini ya sifuri, na usiku hushushwa zaidi wakati wa kutengeneza theluji mpya.

Kinachoamua gharama ya kulinda baridi ni tofauti ya nyuzi kati ya ndani na nje, na unene wa kuta. Dubai katikati ya kiangazi mchana hupita nyuzi 40, kwa hiyo kuta zake hubeba tofauti ya zaidi ya nyuzi 40. Sisi tuko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana wetu ni kama nyuzi 28, usiku hushuka hadi 18 hivi. Tofauti yetu mchana ni 30, usiku 20. Ni kweli Dubai nayo hupoa miezi ya Desemba na Januari, lakini ukichukua wastani wa mwaka mzima bado sisi tuna nafuu. Aliyecheka kwa sababu ya daladala ya Buhongwa alicheka kwa kipimo cha mwili wake, na mashine haitoki jasho.

Niliikalisha hesabu hii mezani jioni tatu, maana nilitaka kujua kabla sijamtetea kijana wa watu. Tuchukue ukumbi mdogo wenye eneo la meta za mraba 1,000, theluji ya sentimeta 30 iliyoshindiliwa. Hiyo ni kama tani 150 za theluji. Kugandisha tani moja ya maji ya ziwa yenye nyuzi 25 kunahitaji kuondoa joto la takriban uniti 120, uniti zilezile tunazopimia umeme. Mashine ya baridi haitumii uniti moja kuondoa uniti moja ya joto, ikiwa nzima huondoa mbili au tatu. Basi tani moja inakula uniti 40 hadi 60 za umeme, na tani zote 150 haziwezi kuzidi uniti 9,000. Hata ukilipa bei ya nyumbani ya shilingi 356 kwa uniti, theluji yote ya kuanzia inakugharimu kama shilingi milioni 3.2. Bodaboda mpya moja! Nilirudia mara nne nikidhani nimeacha sifuri mahali.

Matumizi ya kila siku ndiyo yanayouma. Joto linapenya kutani, linaingia kila mlango unapofunguliwa pamoja na unyevu unaoganda kwenye mapezi ya mashine na kulazimisha kuyayeyusha, linatoka kwenye taa, feni na miili ya watu wenyewe. Kwa makadirio yangu, yakitokana na nilichozoea kukiona kiwandani, ukumbi wa ukubwa huo ungekula kama uniti 1,500 kwa siku, yaani zaidi kidogo ya laki tano. Ukitoza shilingi 10,000 kwa kichwa, watu 54 wamemaliza umeme wa siku hiyo. Ongeza mishahara, matengenezo, kukodisha makoti na mabuti, na rejesho la mkopo, useme watu 150 kwa siku. Namba hiyo 150 naomba msomaji aishike.

Kuhusu umeme kukatika, ambalo ni swali la kwanza la kila mtu, chumba cha baridi kilinifundisha jambo. Umeme ukienda tulikuwa tunafunga milango na kukataza mtu kuingia, na saa nyingi hupita kabla hali haijabadilika. Theluji tani 150 ni akiba ya baridi yenyewe. Milango ikifungwa na kuta zikiwa nene, hesabu inanipa zaidi ya siku kumi kabla yote haijawa maji. Juu italowa, wateja utawarudisha nyumbani siku hiyo, ila mtaji hautiririki kwenda ziwani kwa sababu ya saa sita za giza.

Sasa hoja za upande wa pili, zile zenyewe.

Kwanza ni ukubwa. Kijana alipoota, aliota alichokiona, na ukumbi wa Dubai una meta za mraba 22,500 na mteremko wa meta 400. Hiyo ni zaidi ya mara 22 ya ukumbi wangu wa mezani. Ukizidisha na wateja kwa uwiano huo, wale 150 kwa siku, ambao kwa mwaka ni kama 54,750, wanakuwa milioni 1.2. Wilaya za Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zilihesabiwa kuwa na watu milioni 1.1 katika sensa ya 2022. Ni sawa na kusema kila mkazi, na mtoto mchanga, na bibi wa miaka tisini, aingie kwenye theluji kila mwaka na elfu kumi mkononi. Dubai inawezekana kwa sababu wageni wanaomiminika mjini humo kwa mwaka ni mamilioni, na jengo la maduka linawaleta mlangoni. Watalii wanaotupitia kuelekea Serengeti kwa lango la Ndabaka wengi wanatoka kwenye theluji. Hawatalipa kuiona tena kwetu. Kwa hiyo mteremko mkubwa wa kuteleza kwa skii, Mwanza, kwa sasa, haupo, na anayemshawishi mtu kuukopea fedha anamtafutia matatizo.

Pili ni mteja wa mara ya pili. Wajapani walijenga ukumbi mkubwa mno Funabashi, jirani na Tokyo, mwaka 1993, mteremko wa meta 490, kwa gharama ya yeni bilioni 40. Watu makumi ya milioni wanaishi eneo lile. Ulifungwa mwaka 2002, ukabomolewa, na mwaka 2006 kwenye kiwanja chake likafunguliwa duka la samani la IKEA. Adelaide, Australia, nako walikuwa na wao tangu 1987, nao ukafungwa mwaka 2005. Wanaokataa mradi wakiniwekea mifano hii mezani siwezi kuisukuma pembeni. Ninachosema ni kwamba Funabashi ilikuwa na mpinzani tusiye naye. Mjapani akipanda treni, baada ya saa mbili hivi yuko kwenye theluji ya kweli milimani. Sisi theluji ya karibu nchini mwetu iko kwenye kilele cha Kilimanjaro, meta 5,895, safari ya siku kadhaa kwa miguu na gharama ambayo mwalimu wa Magu hawezi kuifikiria.

Uholanzi ni funzo la namna nyingine. Nchi tambarare isiyo na mlima, lakini ina kumbi kadhaa za theluji, na ule wa Landgraaf una mteremko wa zaidi ya meta 500. Zinaishi kwa sababu Mholanzi anajifunza pale kabla ya kwenda likizo milima ya Alps. Anarudi kwa kuwa ana kitu anachokijenga mwilini mwake. Nairobi nao, hoteli moja ya Barabara ya Mombasa ilifungua uwanja wa kuteleza kwenye barafu mwaka 2005, na humo ikazaliwa timu ya hoki ya barafu inayoitwa Ice Lions. Watu wa nchi ya ikweta, wanafanya mazoezi ya mchezo wa Kanada! Aliyekuja kupiga picha alikuja siku moja. Aliyejifunza kusimama juu ya viatu vya kutelezea alirudi miaka na miaka.

Hili nililiona kwa macho yangu kabla sijalisoma popote. Tulipokuwa tunaishi Igogo, chini ya majabali, siku moja nilirudi na kiroba cha barafu iliyosagwa, masalia ya kiwandani. Watoto wa Mwanza huserereka kwenye majabali tangu enzi, kwa matawi, kwa maboksi, kaptula zikitoboka makalioni. Nikaimwaga barafu kwenye jabali moja lenye mteremko mpole nyuma ya nyumba. Mtaa mzima ulikuja. Walipiga kelele hadi mama mmoja akatoka mbio akidhani kuna aliyegongwa. Binti yangu, wakati huo yupo darasa la nne, aliishika mkononi mpaka vidole vikawa vyekundu akaniuliza, "Baba, ndiyo hii iliyoko Kilimanjaro?" Alikuwa ameichora kwenye daftari la jiografia, kofia nyeupe juu ya mlima. Baada ya dakika kumi ilikuwa maji.

Niliwaletea mara ya pili, watoto wakawa nusu. Mara ya tatu walikuja wanne. Hao wanne, hata hivyo, walikuwa wamebuni mchezo wa kushuka wamesimama juu ya mfuniko wa ndoo bila kushika chini, wakawa wanahesabiana, na ndio walionikimbilia barabarani wiki nzima kuuliza kiroba kingine kinakuja lini. Biashara yote ya theluji, mvuto wake na hatari yake, ilikuwa juu ya jabali lile. Ajabu inaleta umati siku ya kwanza. Ustadi unaleta wanne wa kudumu. Ukumbi usiofundisha watu kitu utakufa kama wa Funabashi hata ukijengwa bure.

Wapo wanaouliza ni haki gani kuchoma umeme kutengeneza theluji wakati barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Swali hilo linanigusa kuliko yote. Jibu langu halifuti doa lote. Uniti 1,500 kwa siku si kitu kidogo, lakini ni matumizi ya aina ileile ambayo kiwanda cha minofu huyafanya bila kuulizwa, na joto linaloondolewa ndani halipotei, linatemwa nyuma ya mashine saa zote ishirini na nne. Kiwandani lilikuwa linapeperuka bure. Nenda Igombe au Kayenze msimu wa mvua uone dagaa wanavyoozea mchangani kwa kukosa jua, akina mama wakiwageuza kwa mikono huku wakitazama mawingu. Hewa yenye nyuzi 35 hadi 40, ikipulizwa juu ya chanja, inakausha dagaa. Kwa hesabu yangu, hata nusu ya joto hilo ikipotea njiani, mashine za ukumbi mdogo zingeweza kutoa zaidi ya tani moja ya maji kwenye dagaa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mtoto anaserereka upande huu wa ukuta, upande wa pili mama yake anakausha mzigo wa kupeleka sokoni Mwaloni, na luku ni moja. Harufu itahitaji mpango, na amonia, ile gesi kali ya kupozea iliyo kwenye mabomba, si ya kuchezea, inahitaji mafundi wenye nidhamu na milango ya dharura.

Mafundi hao tunao. Sangara amepungua, viwanda vya minofu vimekuwa vikifanya kazi chini ya uwezo wake kwa miaka, na watu niliofanya nao kazi, wanaoijua kompresa kwa kuisikiliza tu, leo wanatengeneza majokofu ya soda mitaani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mteremko mkubwa hapana, ukumbi mdogo ndiyo. Uwe na walimu, uwe na bei ya shule siku za katikati ya wiki, maana basi la wanafunzi wanaokwenda hifadhi ya kisiwa cha Saanane au makumbusho ya Bujora linaweza kupita hapo asubuhi ambapo pangekuwa patupu, na uwe na chanja za dagaa nyuma. Wateja 150 kwa siku bado ni kazi ngumu. Jumanne ya mwezi wa pili, shule zimetoka kulipiwa ada, sijui hata basi moja litapatikana.

Nilimpelekea kijana karatasi zangu dukani kwake. Alizisoma akiwa amesimama, akauliza, "Mzee, na kuta je?" Nikamwambia kuta ndiyo bei kubwa kuliko mashine, paneli nene za kuzuia joto, karibu meta za mraba elfu nne ukihesabu na paa na sakafu. Tukakumbuka wote wawili kiwanda kimoja kilichofungwa kando ya ziwa, ambacho vyumba vyake vya baridi bado vimesimama na paneli zake zimo. Jumamosi tunakwenda kuzipima unene, na kumuuliza mlinzi mwenye mali anapatikana wapi.